Mama Filta wa Tandika

Sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Wateja walimwita Mama Filta, majirani zake wa biashara walimwita Bi Mkubwa, na mume wangu, aliyemwogopa kuliko alivyomwogopa mama mkwe wake, alimwita "yule mama yako". Duka lake lilikuwa Tandika, limebanwa kati ya muuza magodoro na fundi viatu. Aliuza koki, mabomba, mipira ya maji, na ukuta mmoja mzima ulikuwa wa machujio: ya kufunga bombani, ya kuweka mezani, ya umeme, ya kuning'iniza.

Kilichowashangaza wageni ni rafu ya juu kabisa. Huko aliziweka chupa za maji, nyingine safi, nyingine za rangi ya chai, kila moja imebandikwa plasta ya hospitali na kuandikwa kwa kalamu: "Tandale, bomba la sokoni", "Mtoni, kisima cha nyuma ya msikiti", "Mbagala, tangi la mjane". Siku moja mpagazi mmoja aliyetoka kushusha mizigo alisimama mlangoni, jasho linamtiririka, akaonyesha kidole juu: "Mama, nipe yale ya Tandale, kama ni ya baridi." Mama Filta alicheka wiki nzima. Kila nilipopita alikuwa akimsimulia mtu mwingine.

Mie nilifika kwake kwa hasira. Tulikuwa tumepanga chumba Mtoni, mume wangu anachonga vinyago, mie nashona, na binti yetu Neema alikuwa na miaka miwili. Aliharisha, akapona, akaharisha tena. Nesi akaniambia niangalie maji. Mume wangu, kwa kutaka kutufurahisha, akarudi na chujio zuri linalong'aa, la kufunga kwenye koki ya tangi la uani. Tukalitumia wiki tatu. Wiki ya nne Neema akalazwa, ametundikiwa dripu, macho yameingia ndani, hata kulia hawezi. Alipotoka hospitali nililing'oa lile chujio, nikalitia kwenye mfuko, nikaenda Tandika, kwa sababu niliambiwa huko kuna mama anayeuza vitu hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kununua au kugombana?"

"Hili chujio halifanyi kazi."

Akalipokea, akaligeuza. "Sijakuuzia mie hili. Lakini si bovu. Maji yenu yana nini?"

"Mabaya."

"Mabaya ya chumvi? Ya kutu? Ya harufu? Ya wadudu? Ukienda kwa daktari unamwambia unaumwa tu, halafu unakaa kimya?"

Nilitaka kumjibu vibaya, machozi yakanitangulia. Hakunibembeleza. Alinipa kitambaa cha kufutia kaunta, akaniambia nirudi na maji. Chupa safi, niisuuze mara tatu kwa maji yale yale, nisiiguse mdomo wake kwa ndani. Na nije na habari za maji hayo: yanatoka wapi, yanakaa kwenye chombo gani, nani anachota na anachotea nini.

Nilirudi kesho yake. Aliwasha tochi ya simu, akaiweka nyuma ya chupa, akatazama. Akafungua, akanusa. Kisha akaacha habari za chupa, akaanza kuniuliza mie.

"Tangi la uani mnalijaza nini?"

"Bomba likitoka, ya bomba. Lisipotoka, ya kisima."

"Ndani mnaweka kwenye ndoo? Kata ya kuchotea inakaa wapi?"

"Juu ya mfuniko."

"Mtoto anaifikia?"

"Anaifikia."

Akaifunga ile chupa. Halafu akanieleza, na tangu siku hiyo sijasahau. Chujio letu lilikuwa la mkaa. Mkaa unaondoa harufu ya dawa ya bombani na ladha mbaya, na kwa kazi hiyo ni mzuri sana. Wadudu wanaomwendesha mtoto tumbo hauwazuii, na ukikaa muda mrefu bila kubadilishwa wanaweka makazi humo humo. Mtu wa chumvi ana chujio lake, mtu wa matope lake, mtu wa wadudu lake. Aliniuzia chujio la wadudu, mshumaa wa udongo mweupe, ule unaokaa kati ya ndoo mbili, ya juu ya kumimina na ya chini yenye koki ya kukingia. Akanionyesha namna ya kuuosha kwa brashi laini bila sabuni. Akaniambia hata nikiwa na mshumaa huo, maji ya Neema nichemshe mpaka mtoto apate nguvu. Na ile kata niitupe.

Neema hakurudi tena kwenye dripu. Nilipokwenda kumshukuru alikuwa anagombana na fundi mmoja juu ya koki, akanipungia mkono niondoke.

Maana alikuwa mgomvi, hilo lazima niliseme. Alikuwa mkali kwenye bei, hapunguzi, na ukimwambia duka la pili wanauza nafuu alikuelekeza njia ya kwenda huko. Alijua fundi gani anamwibia mteja, na alimtangaza mbele ya watu. Chai yake ilikuwa sukari tupu, na daktari alishamkataza. Lakini mtu huyo huyo aliyepigania koki moja kama urithi alikuwa anakataa kuuza machujio ya bei kubwa, mchana kweupe, mteja akiwa na hela mkononi.

Nilimshuhudia akimkataa bwana mmoja aliyetoka Madale na gari refu. Alitaka mashine kubwa kuliko zote dukani, familia nzima inaumwa matumbo. Mama Filta akamuuliza kama tangi lake la juu lina mfuniko. Bwana yule akasema kwa kweli hajui, vijana ndio wanaopanda huko.

"Nenda kapande wewe," akamwambia.

"Bi mkubwa, nimetoka Madale na foleni yote hii."

"Ndiyo. Rudi Madale upande."

Alirudi baada ya siku mbili, mpole. Mfuniko ulikuwa umepeperushwa na upepo, na ndani walimkuta kunguru, alikuwa hatambuliki tena. Mama Filta akamuuzia mfuniko na dawa ya kusafishia tangi, akamweleza jinsi ya kulisugua na kulisuuza. Akaongeza mshumaa kama wangu. Yule bwana akauliza tena kuhusu ile mashine kubwa. "Una chumvi?" "Hapana." "Basi utakuwa unaosha maji yaliyokwisha kuoshwa."

Siku moja duka likiwa tupu, mvua inanyesha, nilimuuliza kwa nini anafukuza biashara. Alikaa muda anakoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Mwanzo nilikuwaga nauza tu," alisema. "Mtu akinyoosha kidole, namfungia. Akaja mama mmoja, nikamuuzia ile ya taa, inayoua wadudu kwa mwanga. Maji yake ya kisima yalikuwa ya matope. Mwanga haupiti kwenye matope, Mama Neema. Wadudu wanajificha humo. Mie sikujua, na sikuuliza. Baada ya miezi akaja kunishukuru. Akaniambia baba yake amefariki kwa homa ya matumbo, lakini mashine ni nzuri, taa inawaka mpaka leo."

"Ukamwambiaje?"

"Pole. Nilimwambia pole. Ikanichukua mwaka mzima kwenda nyumbani kwake kumwambia mengine."

"Akasemaje?"

"Alinitazama sana. Halafu akaenda kunipikia chai."

Baada ya hapo alianza kusoma. Alisoma zile karatasi zinazokuja ndani ya maboksi, ambazo sisi wote tunazitupa, mstari kwa mstari, na asipoelewa alimpigia binti wa ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi maabara. Ndipo rafu ya chupa ilipoanza.

Sasa nifike kwenye siku ambayo watu wa Mtoni bado wanaizungumza.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimeweka akiba kwa muda mrefu, tunataka kitu kimoja kikubwa. Watoto waliharisha kila msimu wa mvua, kwa hiyo mwenyekiti wetu aliposikia habari za kampuni inayouza mashine za maji, alimwalika muuzaji wao. Alikuja kijana wa miaka thelathini hivi, suti nyeusi, maneno matamu, anawaita wazee "wazazi wangu". Tulikaa uani kwa mwenyekiti, tumejaa mpaka kwenye ngazi.

Alipanga glasi mbili mezani. Moja akajaza maji ya kisima chetu, nyingine maji ya mashine yake. Akatoa kifaa chenye vyuma vinavyochovya kwenye glasi zote mbili, akachomeka kwenye umeme. Glasi ya mashine ilibaki nyeupe. Ya kwetu ikaanza kutokota taratibu, ikawa njano, ikawa kahawia, mwisho ute mzito wa rangi ya choo ukaelea juu.

"Wazazi wangu," akasema, "hiki ndicho mnachowanywesha watoto."

Mwanamke mmoja alipiga ukunga kama amefiwa. Mwenyekiti akasema hakuna haja ya kusubiri, akiba ivunjwe leo leo, mashine iagizwe. Mikono ikaanza kunyooshwa.

Nilitoka nje nikampigia Mama Filta. Hakuwa amealikwa. Wengi walisema ni mfanyabiashara, ataleta wivu. Nikamweleza nilichokiona: vyuma, umeme, rangi. Akauliza swali moja tu: "Vyuma vyenyewe vina kutu?" Nikamwambia sijui. "Wacheleweshe," akasema, na simu ikakatika.

Nikawachelewesha. Niliuliza maswali ya kijinga ambayo mpaka leo wananitania nayo: kama mashine inaweza kuchuja maziwa, kama ikidondoka inalia. Mama Filta alifika na bodaboda, mtandio umekwenda upande, mkononi pakiti ya chumvi ya mezani. Na hapo nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Yule mama aliyewafokea mafundi mtaa mzima unasikia alikuwa anaogopa. Mbele ya watu wengi namna ile sauti yake ilikuwa ndogo. Tulilazimika kunyamaza ili tumsikie.

"Mwanangu," alimwambia muuzaji, "naomba glasi ya maji yako. Hayo hayo masafi."

Akapewa.

"Kunywa kidogo, wayaone ni salama."

Kijana akanywa, anatabasamu. Mama Filta akatia chumvi kijiko kidogo, akakoroga, na yeye pia akanywa funda moja mbele yetu. "Maji safi na chumvi ya kupikia. Kuna aliyeona uchafu?" Hakuna. "Haya, tia vyuma vyako. Washa."

Tabasamu likamtoka kijana. "Bi mkubwa, kifaa hiki si cha kuchezea."

"Washa, braza," alisema mwenyekiti wetu.

Akawasha. Haikupita dakika mbili. Maji ya mashine, maji yale aliyoyanywa yeye mwenyewe, yakawa njano, yakawa kahawia, ute ule ule ukapanda juu, mbaya kuliko wa kwetu. Ua mzima ulilipuka. Mtu alipiga sufuria. Yule aliyelia kama amefiwa sasa alikuwa anacheka amekaa chini.

"Uchafu unatoka kwenye vyuma," Mama Filta alisema, na sauti yake ilianza kurudi. "Umeme unakula chuma, kutu inaanguka kwenye glasi. Maji yenye chumvichumvi yanapitisha umeme. Ya mashine yake hayana chochote ndani, hayapitishi. Ni hilo tu. Vitazameni vyuma vyenyewe vilivyolika."

"Kwa hiyo maji yetu ni mazuri!" mtu alishangilia.

"Hapana!" Akageuka kwa ukali ule niliouzoea. "Maji yenu mabaya. Ila ubaya wake hamjaambiwa leo. Na mashine ya huyu si mbovu, inafaa sana kwa mwenye maji ya chumvi kali. Lakini inataka umeme, inataka maji yenye msukumo, na inamwaga mengi ili itoe machache. Nyie mnanunua maji kwa dumu. Mtakuwa mnanunua ya kumwaga."

Sauti moja kutoka nyuma ikasema: "Huyu anatafuta soko tu, na yeye si anauza?"

"Nauza, ndiyo. Kwa hiyo leo msinunue kwangu. Wala kwa huyu. Pelekeni maji maabara kwanza, ya kisima, ya bomba, na ya kwenye ndoo zenu. Ya kwenye ndoo hasa."

Tulipeleka. Majibu yalituaibisha na kutuokoa kwa pamoja. Maji ya bomba yalikuwa sawa yakitoka bombani, lakini yale yale yakishalala kwenye ndoo zetu yalikutwa na vijidudu vya kinyesi. Kisima ndicho kilichokuwa na vijidudu vingi zaidi, na chumvi yake ilikuwa ya kawaida, haihitaji mashine. Choo cha nyumba ya jirani kilikuwa karibu nacho mno, na mdomo wa kisima ulikuwa wazi, mvua inasomba kila kitu ndani.

Akiba yetu haikuvunjwa yote. Kila nyumba ilipata ndoo mbili na mshumaa wa udongo, na wengine waliununua Kariakoo, kwa sababu Mama Filta aliwaambia wazi kuwa ni ule ule, kisanduku tu ndicho tofauti. Kiasi kingine kilikwenda kuinua ukuta wa kisima, kukifunika zege na kufunga pampu ya mkono. Mwenye choo tulimfuata kikundi kizima, tumevaa kanga sare, tukakaa barazani kwake mpaka alipokubali kukifukia na kuchimba kingine mbali. Mvua zilipokuja, nesi wa kliniki aliniuliza watoto wa Mtoni wamehamia wapi. Nikamwambia wapo nyumbani wanacheza. Nililisema hilo kwa sauti kubwa, ili kila mtu kwenye benchi asikie.

Na yule kijana wa suti? Alikwenda dukani Tandika baada ya wiki, nadhani kugombana. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakunywa ile chai ya sukari, anaelezwa kwa nini mkaa hauui wadudu. Kumbe mwenyewe alifundishwa onyesho lile kazini na aliliamini kabisa. Siku hizi ana duka lake Tandale. Wanasema hauzi kitu mpaka akuulize maswali kumi.

Miaka ikapita. Miguu ya Mama Filta ilianza kumsumbua, akauza duka, akahamia Kimbiji kwa dada yake. Tulisalimiana kwa simu siku za sikukuu, mara ya mwisho nikasikia macho nayo yamepungua. Nikasema sitasubiri kuitwa kwa habari mbaya. Mwaka huu, masika yakiwa yanakaribia, nikavuka kwenda Kigamboni, nikashika ile barabara ya mashimo mpaka kwake.

Nilidhani nitamkuta kitandani. Dada yake akanielekeza zahanati ya kijiji, nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wanawake kama ishirini, anagombana na fundi.

Visima vyote vya upande ule ni vya chumvi, akina mama wa zahanati walikuwa wakija kujifungua na dumu la maji kichwani. Watu walikuwa wameshauriana kununua mashine ya kutoa chumvi. Yeye akawauliza paa la zahanati linapokea nini bure kila masika. Sasa bati lote lilikuwa limefungwa mifereji, bomba limeshuka hadi kwenye tangi jipya, kubwa, refu kuliko mtu, na halijawahi kuonja maji.

"Umefika siku nzuri," aliniambia, ameushika uso wangu kwa mikono yote miwili ili anione. "Sikiliza hiyo ngurumo."

Mvua ilianza saa tisa alasiri, matone mazito kwanza, halafu ikamwagika kwa pamoja. Wanawake wote wakakimbilia tangi.

"Bado!" alipiga kelele, na sauti yake ilishinda bati. "Hiyo ya kwanza mwageni! Inaosha paa, ina kinyesi cha ndege! Geuza bomba kule!"

Fundi akageuza bomba. Maji ya kahawia yakamwagika uwanjani, watu wanayatazama kwa uchungu yakipotea. Alisimama, akanishika bega, tukatoka naye mvuani. Alikinga kiganja chini ya bomba, akakileta karibu kabisa na jicho lake, akamwaga. Akakinga tena, akamwaga. Mara ya tatu aliyatazama kwa muda mrefu, kanga imemgandama mwilini, maji yanamtiririka kidevuni.

"Sasa," akasema.

Bomba likageuzwa. Tukasikia maji yakigonga sakafu ya tangi tupu, mlio mkubwa kama wa ngoma, na kijiji kizima, naapa, kilipiga vigelegele. Mama Filta hakupiga. Alibandika sikio kwenye ukuta wa tangi, akafumba macho, akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole, kutoka chini kupanda juu, anasikiliza mlio utabadilika wapi. Karibu na goti lake akaacha kugonga.

"Yamefika hapa," alisema.

Tukashangilia kana kwamba limefungwa bao. Akasogeza kidole juu kidogo, akagonga tena.